Jina la Babu Ndani ya Ngoma ya Leta

ATHANASE: Haloo, biro ya teritwari, Walikale. Nani anaongea?

VALÉRIE: Haloo? Haloo— kaka Athanase, ni weye?

ATHANASE: Sauti iko mbali. Nani?

VALÉRIE: Valérie. Dada yako wa Masisi.

ATHANASE: Valérie. Na tangu lini mufagiaji wa biro anapiga simu?

VALÉRIE: Karani Karangwa ameenda kula. Jambo kwanza, kaka.

ATHANASE: Jambo. Watoto?

VALÉRIE: Kikohozi tu. Mama mukwe anakusalimia. Bado weye njo unapiga ngoma ya kazi?

ATHANASE: Nani mwingine? Asubuhi ya kuingia, saa sita ya kutoka. Bila mimi, hata bwana mukubwa hajui kama ana njaa.

VALÉRIE: Usicheke. Jana inspekta mumoja Mubelgiji alilala huku. Nilikuwa napangusa meza, yeye na wakubwa wa huku wakaongea juu ya ile amri ya kura—

ATHANASE: Iko hapa ku mulango. Mufanyakazi wa Leta, wa serikali, saa ya kazi, asisemee chama wala muntu wa chama. Akisema, kazi imekwisha, na kifungo juu yake. Naisoma kila siku. Sijafungua kinywa.

VALÉRIE: Kinywa, ndiyo. [waya unakwaruza] Lakini Nzabandora alikuwa pale.

ATHANASE: Nani?

VALÉRIE: Mupolisi. Ule aliyekaa kwetu Kibua miaka mingi, akajifunza— haloo?

ATHANASE: Niko. Akajifunza nini?

VALÉRIE: Kusikia ngoma. Inspekta alimuuliza ngoma ya biro ya Walikale inasema nini. Akaeleza polepole, kama katekista. Kwamba inaita watu, inawaambia kazi ya Leta, na mwisho inataja jina. Muvuka-Lowa-bila-mutumbwi.

ATHANASE: Lakini lile ni jina la babu. Mupiga-ngoma anamaliza na jina la ukoo wake, watu wajue nani—

VALÉRIE: Najua, kaka.

ATHANASE: —nani anawaita. Nimelipiga mbele ya chama chochote kuzaliwa.

VALÉRIE: Na Hilaire anayetafuta kura, ku mikutano ya chama chake, wanamuita namna gani?

ATHANASE: Hilaire iko mutoto wa baba mudogo. Jina ni la sisi wote.

VALÉRIE: Sasa ni la kura. Hata wauza ndizi wa huku wanaliimba. Inspekta aliuliza kama ni kila siku, ku ngoma ya Leta. Nzabandora akasema kila siku. Ule muzungu akacheka kidogo, bila sauti. Sikukipenda kile kicheko. Asubuhi wakatoka na jeep.

ATHANASE: Jeep.

VALÉRIE: Barabara ya kwenu.

ATHANASE: Kuna moja hapa uwanjani. Nilifikiri ni ya mapadri. Nzabandora iko mwembamba? Na kovu ku shavu?

VALÉRIE: Njo yeye.

ATHANASE: Amekaa karibu ya ngoma. Alinisalimia vizuri sana. Akaniuliza kama saa sita iko karibu.

VALÉRIE: Piga bila jina. Leo tu.

ATHANASE: Masisi imekusahaulisha? Ngoma bila jina kwetu inatangaza nini?

VALÉRIE: Kifo.

ATHANASE: Wataacha mashamba, wataacha soko, waje kuuliza maiti iko ya nani. Niwaambie nini?

VALÉRIE: Weka jina lingine—

ATHANASE: La nani? Niibe ukoo wa watu?

VALÉRIE: Basi sema uko mugonjwa. Lala chini. Kaka, nakuomba—

ATHANASE: Ngoja.

VALÉRIE: Nini?

ATHANASE: Kuna muntu anapiga ngoma.

VALÉRIE: Nasikia. Ni nani?

ATHANASE: Nzabandora. Na anapiga vizuri, mbwa ule. Anaita watu. Sasa kazi ya Leta...

VALÉRIE: Na jina?

[waya unakwaruza]

VALÉRIE: Kaka, na jina?

ATHANASE: Hakuna. Ameishia pale. Ametangaza kifo.

VALÉRIE: Pitia dirisha.

ATHANASE: Mama wa soko wamesimama. Wanaweka vitunga chini. Valérie, wote wanaangalia huku, ku mulango wangu.

VALÉRIE: Pitia dirisha, Athanase.

ATHANASE: Inspekta njo amesimama ku dirisha. Salimia watoto, eh. Kile kikohozi, wape—

VALÉRIE: Haloo? Kaka?

[waya]

VALÉRIE: Kaka Athanase?