Mfereji wa Kukanyaga

Asubuhi ile Asenath hakulikalia benchi, aliligusa tu. Benchi lenyewe liko Umoja, hatua kumi kutoka choo cha soko anachokitunza, na Magan muuza kahawa ndiye mwenye kijiwe. Wiki iliyopita Job, mzee wa kiti cha pembeni, aliangushwa na kuhara, na mtaa mzima ukanyooshea kidole kishikio cha mfereji wa choo. Leo mtu wa afya anakuja kukagua. Akiguna tu, choo ni kufuli, na kazi ya Asenath imekwenda. Ndiyo maana Mukhwana, fundi wa kuchomelea wanayemwita Injinia, alishinda jana akiunda mfereji wa kukanyaga.

— Unakanyaga, maji yanatoka. Mkono haugusi chuma, alisema Injinia. Maneno kwisha.

— Na mlango, unafungua na roho? aliuliza Muoki, asiyebandua redio sikioni.

— Ndoano ya kiwiko.

— Na mfupi kama wewe? Mlango usukumwe na kichwa!

— Urudi kwa bibi na uchafu kwa paji? alijibu Injinia.

— Basi tung'oe mlango wote.

— Nyinyi! Wanawake wajifiche wapi? Asenath alifoka.

— Tulia, mathe. Nimesikia kwa redio, choo cha kisasa kinakujua kwa harufu. Kinajifungua chenyewe.

— Yako kikiisikia, Muoki, kitahama mtaa, alisema Magan.

Wakacheka. Asenath macho yake yalikuwa kwenye kona ya barabara. Magan akapokea kikombe cha Muoki, akakichovya kwenye ndoo ya maji, akakikung'uta, akamjazia Asenath.

— Kunywa, mathe, moyo utulie.

Akanywa. Alipomaliza, mwanamke wa gambuti akaomba nafasi. Magan akakipokea kikombe kilekile, ndooni chubwi, akamimina. Mgeni akakishika, hakukipeleka mdomoni.

— Samahani wazee wangu. Maji ya hiyo ndoo yamebadilishwa saa ngapi?

Injinia akamtazama Muoki. Muoki akazima redio. Magan akatazama viatu vyake.

Hapo ndipo Asenath alipoiona kadi ya afya yenye picha ikining'inia kwenye mkoba wa mgeni. Na hapo ndipo alipokumbuka: Job hajawahi, hata siku moja, kupita mlango wa choo chake. Mzee yule alikuwa anakuja hapa tu, kwa kahawa.

Akajifuta midomo kwa kiganja. Akajifuta tena.