Mitchelle Akinyi na Pumzi Tuliyoishangilia

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mitchelle Akinyi, mwimbaji wa Laini Saba, Kibera. Alituacha mwezi wa Februari akiwa na miaka ishirini na minne. Mitchelle Akinyi. Miaka ishirini na minne tu.

Wengi wenu mlimjua kwa wimbo mmoja. Ni wimbo wa Ulaya wa miaka mia tatu iliyopita, wa Kiitaliano, wa mwanamke anayemngoja mtu ambaye hatarudi. Mitchelle aliuimba kivyake, polepole, akifuatwa na gitaa moja la besi. Lakini leo nawapeleka kwa baba yake.

Mzee Lazarus Osewe hutengeneza masanduku ya bati, yale ya watoto wa bweni. Miaka thelathini ya nyundo juu ya bati imemla masikio. Mitchelle akiwa darasa la sita, mzee alikuwa haambulii neno. Sauti ya binti anayoikumbuka ni ya mtoto. Hii tunayoijua sisi, hakuwahi kuisikia.

Mitchelle alifunzwa na Mwalimu Waruguru, mwenye ukumbi mdogo Kawangware. Kila Jumamosi alitoka Kibera kwa miguu. Mwaka jana akaanza kuchelewa. "Nilikuwa nasimama simama njiani, mwalimu," alisema, akicheka. Mwalimu naye akacheka.

Jumapili moja ya Novemba, Mitchelle aliuimba wimbo ule kwenye ukumbi wa mwalimu, nao ukumbi ulijaa. Mzee Osewe aliketi mbele na mkewe, Caren. Hakusikia kitu. Alitazama tu. Aliona mishipa ya shingo ya binti yake ikisimama. Aliona mabega yakipanda bila kushuka. Aliona midomo ikibadilika rangi. Akageuka kuona kama kuna mwingine aliyeona. Watu walikuwa wanalia, wengi wamefumba macho.

Mzee akasimama. "Mwacheni apumzike!" akapaza sauti. "Mtoto amechoka!"

"Keti, mzee, tunaskiza," mtu wa nyuma akamvuta koti. Caren, uso umemwiva kwa aibu, akamshika mkono. Mzee akaketi. Mitchelle akaumaliza wimbo, na makofi hayakwisha upesi.

Rekodi ikafika hapa studio, tukaipiga. Simu zikamiminika. Mama mmoja wa Ayany alisema alizima jiko akaketi sakafuni. Kijana wa Soweto East alituma ujumbe: "Buda, pale anakata pumzi katikati ya neno, nimeskia baridi mgongoni. Rudisha hapo."

Nikarudisha. Mara tatu, wasikilizaji wapendwa. Na nikasema hewani, kwa kinywa changu, kwamba huo ndio usanii.

Haukuwa usanii. Ulikuwa moyo. Januari daktari alieleza kwamba homa ya utotoni, iliyoanzia kooni na kuachwa bila dawa, ilikuwa imeharibu vali za moyo, ile milango inayopitisha damu. Mitchelle akapangiwa upasuaji wa Agosti. Hakuiona hata Machi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mzee, kwenye karakana yake. Maswali nilimwandikia kwenye daftari.

"Nyinyi mlikuwa mnaskia," aliniambia. "Mimi nilikuwa naona. Lakini nani angemskiza kiziwi?"

Nikaandika: Pole sana, mzee. Akasoma, akanirudishia daftari langu.

"Waliniambia keti, nikaketi," akasema. "Hiyo ndiyo hainiachi."

Wimbo bado mnauomba. Nyumba za mabati hazizuii sauti. Redio ya jirani ikianza, Caren huweka chini alichoshika, hutoka, na kutembea kando ya reli mpaka uishe. Mzee hasikii. Humwona tu mkewe akienda.

"Akitoka hivyo, najua mmemwimbisha tena," aliniambia. "Mtoto hata akifa hapumziki?"

Nikalifunga daftari.

Mzee Osewe, Mama Caren, Mwalimu Waruguru, poleni. Tunawapa pole huku tukijua tulikuwemo. Nanyi wasikilizaji, tujiulize leo, kila mmoja na moyo wake: ni nani anayeumia mbele yetu, na sisi tunamsifu kwa jinsi anavyoumia vizuri?

Tangu asubuhi watu sitini wameuomba wimbo huo. Familia imetuomba tusiupige.

Hatutaupiga.