Pasa Asiyeliliwa

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa zake, na mimi mnipe masikio! Wengi mnanijua sokoni Kikula, ninauza unga. Mnajua pia kwamba siamini mtu. Nikinunua mahindi nasukuma mkono hadi chini ya gunia, maana juu kila mtu huweka mazuri. Mungu alinikuta hivyo hivyo, na moyo huo nusura uniponze.

Nilijifungua mapasa, watoto pacha, kabla ya wakati wao. Kyungu alitangulia, Kabange akafuata, majina tunayowapa mapasa wote kwetu; walikuwa wadogo mno, wa kulala kwenye kiganja cha baba yao. Wakawekwa kwenye kuvezi, kile kisanduku cha kioo chenye joto. Kabla ya juma kwisha, Kyungu akafa.

Desturi yetu mnaijua. Pasa akifa haliliwi. Ukimlilia, anamwita mwenzake wafuatane. Mama mkwe wangu aliniambia hivyo, shangazi za mume wangu wakarudia, nami nikafunga mdomo. Mume wangu na kaka zake wakamzika Kyungu, kisha mume wangu akarudi kazini kiwandani, naye bila chozi. Nikabaki hospitali na Kabange. Ndugu zangu, niliogopa! Niliogopa hata kupiga chafya, isije ikafanana na kilio.

Hapo ndipo nilipomwona Mama Vero. Alikuwa mama wa makamo, anakuja kila alasiri na termosi ya uji, anaketi nasi kwenye benchi la akina mama wenye watoto wa kuvezi. Nikamchunguza. Hakuwa muuguzi. Hakuwa na mtoto mle ndani, wala mjukuu, wala ndugu aliyelazwa. Sasa mtu mwenye akili zake anatafuta nini kila siku mahali kama pale? Akanipa uji, nikaumwaga nyuma ya choo. Akaniuliza jina la mtoto, nikamdanganya. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kama pasa mwenzake nilikuwa nimemlilia. Nikasema, basi huyu ni mlozi. Anataka nilie, Kabange afuate, yeye apate anachokitafuta.

Nikaanza kulinda. Akikaribia kioo, nasimama mbele yake. Nikawanong'oneza wenzangu, nao wakaanza kusogeza vikombe vyao mbali naye. Wakati huo maziwa yangu yalikuwa yanakauka. Tulikuwa tunakamua kikombeni, muuguzi anampitishia mtoto kwa mpira mwembamba wa puani. Changu kikawa kinapata matone tu. Muuguzi akanieleza kwamba Kabange anapungua uzito, na kwamba moyo wenye mzigo unaweza kuzuia maziwa. Mimi sikumsikiliza. Nilishajua nani anayenikausha!

Alasiri hiyo Mama Vero alipokuja, nikamkabili mbele ya wote.

"Weye mama, unatafuta nini huku? Mutoto yako iko wapi?"

Hakukasirika. Aliweka termosi chini.

"Minye pia nilizala mapasa, mu hii hospitali. Kyungu alikufa, bakaniambia nisilie. Sikulia, mama, hata chozi moya. Na Kabange akaenda tu."

Nilimtazama usoni nikitafuta uongo, kazi ninayoijua vizuri, nikaukosa. Mama huyu alikuwa ameishika desturi yote kama mimi, na haikumwachia hata mmoja. Ndugu zangu, hapo Roho wa Mungu akanifungua! Nikaona kwamba siku zote zile nilikuwa nimeuweka woga umlinde mtoto wangu, na woga haujawahi kumlinda mtu. Nikalia. Nikamwita Kyungu kwa jina lake, nikaketi sakafuni, na Mama Vero akanishika kichwa akalia pamoja nami. Nilipomaliza nikakimbilia kioo, maana bado sikuamini. Kabange alikuwa anapumua.

Maziwa hayakurudi siku hiyo. Yalirudi polepole, nikinywa uji wa Mama Vero na kumsimulia habari za Kyungu, jinsi alivyokunja ngumi, jinsi alivyokuwa na nywele nyingi kuliko mdogo wake. Kabange akaanza kuongezeka. Wauguzi wakanifunga naye kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Asante Yesu! Nawashukuru wauguzi, namshukuru Mama Vero, ambaye sikustahili hata kikombe chake kimoja. Mimi bado nashuku watu wengi, Mungu ananivumilia.

Ndugu zangu, kama una mtoto kwenye kuvezi, au ulimzika mmoja ukaambiwa ufunge mdomo, mtumaini Mungu huyu. Haogopi machozi yako. Tafuta mtu wa kuketi naye, na ukimwona amekuja bila sababu unayoijua, muulize kwanza sababu yake.

Na sasa nasema na mtu mmoja. Baba Kabange, nakuona pale karibu na mulango. Weye ndiye ulimufukia mutoto wetu na mikono yako, na mpaka leo haujataja jina yake. Huyu mwingine iko muzima, iko ananikojolea ku mugongo sasa hivi. Hakuna mwenye kumuita. Kuya huku mbele, baba. Kuya tulie.