Bi Jembe na Shamba la Uani

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Jembe, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi mwashi na mshonaji. Alisoma shule ya msingi jirani na kwetu hadi mwaka 1965, akaishia hapo kwa sababu sisi wadogo zake tulikuwa wengi na zamu yetu ilikuwa imefika.

Mwaka 1970 aliajiriwa hospitalini, chumba cha kufulia mashuka, akastaafu mwaka 2006 akiwa msimamizi wake.

Alifunga ndoa mwaka 1974 na shemeji yetu, fundi bomba, wakajaliwa watoto watatu. Walipohamia nyumba yao, shemeji alitaka uani paoteshwe nyasi apumzikie. Dada akamuuliza, “Nyasi tutazila?” Jumamosi hiyo walilima wote wawili. Mchicha, nyanya, bilinganya na maharage ya uani hapo ndivyo vilivyowakuza watoto, hasa baada ya shemeji kututoka mwaka 1998.

Mwaka 2009 kifungua mimba wake alinunua gari, akaamua uani pamwagwe zege apate pa kuliegesha. Lori lilipofika, dada alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya matuta, anachuma mchicha.

“Mama, toka basi, mafundi wanasubiri.”

“Wamwage. Waanzie hapa nilipokaa.”

Dereva alizima injini. “Kaka, mimi nami nina mama,” akasema, akarudi na zege lake.

Mama na mwana wakanuniana. Wakiwa meza moja, dada alimwambia mkwewe, “Mwambie mumeo chakula kinapoa.” Mwaka uliofuata kampuni aliyoajiriwa kijana ikafungwa, na gari likauzwa. Asubuhi moja alishuka uani mwenyewe, akasimama, hajui aanzie wapi. Dada akamkabidhi ndoo. “Anza na nyanya. Maneno tutayamaliza tukishashiba.” Hadi leo familia yake inaishi kwa kuuza miche anayootesha pale.

Mwaka 2021 dada aligundulika ana maradhi ya moyo, akakatazwa kuinama. Alihamishia kiti dirishani jikoni, akawa anaamrisha kutoka humo: “Hizo bilinganya zina kiu! Maji mnamwekea nani?”

Juni mwaka 2023 alilazwa katika hospitali ile ile aliyoitumikia, na siku ya kwanza akalalamika kwamba mashuka hayakusuuzwa vizuri. Asubuhi ya tarehe 14, mwanawe mkubwa akiwa kando ya kitanda, alimuuliza, “Umekula?”

“Bado, mama.”

“Nenda ukale kwanza.”

Alikwenda, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshinda kwa neno hilo. Aliporudi, mama yake alikuwa ameshatuaga.

Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, kaka yetu mkubwa, na sisi wadogo zake wanne.

Dada, umetulisha vya kutosha. Pumzika sasa, Mungu akupe amani.