Wendell August Zastrow na Msimu Wake wa Mwisho Dunguni (1948–2024)

Babu yetu, Wendell August Zastrow, alizaliwa tarehe 9 Februari 1948 kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la wazazi wake, Emil na Hedwig Zastrow, maili nne nje ya mji wa Almsford, kaskazini mwa Wisconsin. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano. Theluji ilikuwa imefunga barabara siku hiyo, kwa hiyo mkunga aliletwa kwa trekta. Babu alipenda kuisimulia safari hiyo ya trekta kama vile yeye ndiye aliyekuwa anaendesha.

Alianza masomo mwaka 1954 katika shule ya chumba kimoja ya Barabara ya Spruce, akamaliza sekondari ya Almsford mwezi Mei 1966. Ripoti yake ya darasa la nne bado ipo, na mwalimu ameandika humo kwamba Wendell hawezi kutulia kwenye kiti. Hili linatushangaza, maana akiwa na miaka kumi na miwili baba yake alimpandisha kwenye ubao uliopigiliwa juu ya msonobari avizie kulungu, akamwambia asishuke mpaka saa sita mchana, kisha akamsahau. Alishuka jua linazama. Alipoulizwa kama hakuona njaa, alijibu, "Kulungu walikuwa wanapita. Ningeshukaje?"

Baada ya miaka miwili jeshini alirudi Almsford mwaka 1970 akaajiriwa kwenye kiwanda cha karatasi. Aliendesha mashine namba tatu kwa miaka thelathini na nane, hadi alipostaafu Juni 2008. Kelele za mashine ile zilimharibia sikio la kushoto. Likizo yake aliomba mara moja tu kwa mwaka, siku tisa za Novemba, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, na msimamizi wake hakuwahi kumuuliza za nini kwa sababu na yeye alikuwa anakwenda huko huko.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Bernadine Kubiak katika Kanisa la Kilutheri la Zioni. Walikutana kwenye bucha la baba yake Bibi, Babu alipopeleka kulungu wa kukatwakatwa. Bibi alimkagua yule mnyama, sio mwindaji, akasema, "Risasi moja, mahali pake. Nyama haijaharibika hata kidogo." Babu alisema hakuna mtu aliyewahi kumsifu vizuri hivyo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Curtis mwaka 1973 na Joyce mwaka 1976.

Wengi wenu mlimjua Babu kwa dungu lake, lile jukwaa la mbao juu ya mti nyuma ya kijito. Mlikuwa mnamuuliza siri ni nini, na alikuwa anawaambia yote, bila kuficha. Dungu haliwekwi mahali penye mandhari nzuri, huwekwa upande ambao upepo unatoka kwa kulungu kuja kwako. Matawi yanakatwa Agosti, ili Novemba wanyama wawe wameshazoea uwazi. Njia ya kuingilia ni kupitia kijitoni, hata kama ni ndefu mara mbili, kwa sababu maji hayashiki harufu ya buti. Ukifika juu unafunga mkanda wa usalama kwanza, ndipo unavuta bunduki kwa kamba, ikiwa haina risasi. Mfukoni alibeba manyoya ya mbegu za magugu, anaachia mmoja hewani na kuutazama unakoelekea. Kulungu akikaribia, husogezi hata kidole mpaka kichwa chake kipite nyuma ya shina.

Halafu unakaa. Hiyo ndiyo iliyowashinda watu. Jirani yetu Gordy Peltier, rafiki yake wa miaka hamsini, alikuwa akimchokoza kila mwaka.

"Wendell, hao kulungu unawalipa mshahara?"

"Nawapa muda tu, Gordy. Wewe saa nne ushashuka kutafuta soseji. Unapotembea kwenda kula, unawasukuma wote kwangu. Nakushukuru sana."

Kambini kwetu, kibanda chetu cha uwindaji msituni, anayepiga risasi na kukosa hukatwa pindo la nyuma la shati, likapigiliwa ukutani na jina lake na mwaka. Ukuta wote umejaa. Bibi yupo mara tatu, Gordy hatujui ni mara ngapi. Babu hakuwepo. Yeye mwenyewe alisema hakuwa na shabaha kali, ila alijua kuacha. Kulungu akiwa mbali, alimwacha apite.

Mwaka 2017 vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kutetemeka. Daktari wa neva alisema ni ugonjwa wa Parkinson na kwamba hauponi. Ulihamia mkono wa pili, kisha miguu. Kufikia 2022 hakuweza kupanda ngazi, na misimu miwili alibaki kambini anapika viazi.

Septemba mwaka huu, mezani, alisema, "Nataka nikae msimu mmoja tu. Kulungu mmoja, kwa mkono wangu mwenyewe. Baada ya hapo sitawasumbua."

Shangazi Joyce aliweka uma chini. "Baba, bunduki na mkono huo?"

"Ndio mkono nilionao, mwanangu."

Daktari naye hakupenda. Mwishowe walikubaliana kwamba baba yangu, Curtis, akae naye, bunduki ilale juu ya mfuko wa mchanga, na mdomo wake uelekee upande mmoja tu, kwenye kilima kisichopitwa na mtu. Tulimjengea dungu jipya, hatua moja kutoka ardhini, lenye kuta ili kutetemeka kusionekane. Tuliweka zulia ndani ili miguu isigonge mbao. Kando ya kijito tulilaza plaiwudi kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Kila alichotufundisha tulikifanya, na tulidhani kwamba ukifanya kila kitu sawasawa, basi.

Msimu ulifunguliwa Jumamosi tarehe 23 Novemba. Upepo ulikuwa wa kusini. Babu aliachia unyoya mlangoni mwa kambi, akautazama, akasema, "Huu unatupeleka mpaka puani mwao. Turudi ndani." Ikawa hivyo siku saba. Sikukuu ya Shukrani ilipita, tukala bata mzinga bila maneno mengi, kila mmoja anachungulia dirishani. Ugonjwa tulishazoea kwamba hatuuwezi. Sasa na upepo.

Siku ya nane, tarehe 30, upepo uligeuka kaskazini-magharibi. Waliingia kabla ya mapambazuko. Dawa yake ilikuwa inampa saa mbili za mkono uliotulia, sio zaidi, na alimeza ya saa tatu ili itoshe mpaka saa tano. Saa tatu hadi saa tano hakupita hata sungura. Kidonge kingine kilikuwa cha saa sita, na kukiwahisha kulikatazwa.

Dume lilitokea saa tano na robo. Lilikuja hatua kwa hatua, upepo usoni mwake Babu, mpaka umbali wa kama kutoka mimbari hii hadi mlangoni.

"Nishike," Babu alinong'ona.

"Nimekushika, Baba."

"Nishike zaidi."

Baba alimkumbatia kwa nyuma kwa nguvu zake zote. Anasema ilikuwa kama kushika mashine ya kiwandani. Risasi iliingia kwenye mti wa gome jeupe, mkono mzima juu ya mgongo wa kulungu. Baba alifuata nyayo hadi ng'ambo ya kijito kuhakikisha kwamba mnyama hakujeruhiwa, akarudi.

"Damu?"

"Hakuna hata tone."

"Ungempiga wewe, ulikuwa na nafasi."

"Ungeninyima urithi wa shamba."

"Kweli," Babu alisema.

Jioni kambini alidai mkasi. Hakuna aliyenyanyuka. Gordy alikuwa anatazama jiko.

"Wendell, achana na hayo. Ni ugonjwa ule."

"Ugonjwa haujavaa shati, Gordy. Bernadine, kata."

Bibi alikata. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu alikuwa anaogopa kumchoma. Baba alitoka nje kupasua kuni, na kuni zilikuwepo nyingi. Babu aliomba Shangazi Joyce aandike jina lote, pamoja na August, na mwaka.

Tarehe 9 Desemba chakula kilimwendea njia isiyo yake, mapafu yakashika homa, akalazwa. Kwa siku tano madaktari walijaribu dawa walizokuwa nazo. Sisi tulishika chupa ya maji, tulishika rimoti, tulishika chochote. Nilimuuliza muuguzi mbona mikono yake ilikuwa inatulia akisinzia. Akaniambia ndivyo ugonjwa huu ulivyo, kutetemeka huisha mtu akilala. Tangu hapo tulikuwa tunafurahi tukiiona imetulia, kisha tunaogopa, kwa sababu kwa kuitazama tu mtu hawezi kujua ni usingizi upi. Babu alifariki Jumamosi tarehe 14 Desemba 2024, saa tatu asubuhi, Bibi akiwa amemshika mkono wa kulia. Bibi anasema hakujua ni dakika gani.

Amewafuata wazazi wake na ndugu zake watatu. Ameacha mke wake wa miaka hamsini na mitatu, Bernadine. Mwanawe Curtis na mkewe Paula. Binti yake Joyce. Dada yake Ardis. Wajukuu wanne, Bryce, Annika, Colton na mimi, Maren. Na Gordy, ambaye Bibi amesema aandikwe hapa.

Mungu ampokee. Lala, Babu, na mikono yako ilale.