Nichagulie Nyeusi

DADA: Haloo, chumba cha miwani hapa hospitali. Nani mwenzangu?

BREKI: Shikamoo, dada. Ni mdogo wako.

DADA: Marahaba! Breki! Leo kulikoni? Wewe hupigi simu mpaka tairi lipasuke.

BREKI: Nakusalimia tu. Wajomba zangu hawajambo?

DADA: Wazima, wanakula na kuvunja vitu. Haya, sema shida.

BREKI: Nataka unichagulie miwani. Ya kuendeshea. Ile ya kuzuia upepo na vumbi, inayodumu, nisije nikanunua nyingine kila mwezi.

DADA: Subiri nikae. (kiti kinaburutwa) Miwani? Wewe?

BREKI: Si ndiyo uliyonipigia kelele mwaka mzima—

DADA: Mwaka na nusu! Tangu siku niliyokukalisha mbele ya kioo hapa kwangu nikakufundisha kuvaa lenzi. Nilikuambia nini? Lenzi machoni, juu ya pikipiki, lazima na miwani ya kujikinga. Ukanijibu helmeti ina kioo.

BREKI: Kioo chenyewe kilivunjika wiki ya kwanza.

DADA: Na hukusema!

BREKI: Si ndio nasema.

DADA: Mungu anipe subira na mtu huyu. Haya, sikiliza. Zile zinazoning'inia kwenye mwavuli wa muuzaji usiziguse, ukizikunja kidogo tu zimekatika. Chukua za plastiki ngumu. Kioo cha kweli usitake, lori likirusha jiwe, kioo na jiwe vyote vinaingia jichoni.

BREKI: Plastiki ngumu. Sawa.

DADA: Pembeni kuwe na sponji inayokaa usoni bila kuacha upenyo. Upepo ukipenya, lenzi inakauka, inaganda jichoni.

BREKI: Ikiganda inafanyaje?

DADA: Inakwangua jicho. Kwa nini?

BREKI: Nauliza tu. Endelea.

DADA: Ila hiyo sponji iwe na vitundu, la sivyo ukisimama kwenye taa unajaa ukungu, unamgonga mama wa watu. Mkanda uwe wa mpira, mpana, upite juu ya helmeti. Na kufuta kwa shati marufuku! Maji na sabuni kwanza, vumbi litoke. Ukifuta kikavu, baada ya mwezi unatazama dunia kupitia magamba ya samaki.

BREKI: (anacheka kidogo) Ipo nyeusi?

DADA: Mkanda? Upo.

BREKI: Hapana, pale pa kutazamia. Nyeusi tii. Mtu asio— jua lisinisumbue.

DADA: Wewe si unatoka alfajiri? Ukivaa nyeusi utaona nini? Chukua nyeupe.

BREKI: Jua la siku hizi linachoma, dada.

DADA: Jua ni lile lile. (mtandao unakwaruza) Breki, mwanga unakuumiza?

BREKI: Haloo? Unakatika—

DADA: Sikatiki. Jicho gani?

BREKI: ...La kulia.

DADA: Tangu lini?

BREKI: Wiki mbili hivi. Linatoa machozi tu. Lenzi nimeshaivua, juzi.

DADA: Juzi. Kabla ya juzi ulikuwa unalala nayo?

BREKI: Siku nyingine nachoka, dada. Narudi, naanguka kitandani na viatu.

DADA: Na vumbi likiingia uko barabarani?

BREKI: Naegesha, naitoa, nailamba kidogo, nairudisha.

DADA: Unailamba.

BREKI: Sasa abiria yuko mgongoni anapiga kelele kachelewa, ile chupa yako ya dawa ya kuoshea lenzi nitaitoa wapi? Lakini usidhani nimekaa tu. Nimejitibu.

DADA: Kwa dawa gani?

BREKI: Yale matone ya mama. Aliyopewa alipotolewa mtoto wa jicho, yalibaki nusu. Dada, siku mbili wekundu wote umekwisha! Nikasema ungeniona ungenipongeza. Haloo? Upo?

DADA: Nipo.

BREKI: Halafu ndipo likarudi. Kwa nguvu kidogo.

DADA: Yale yanaondoa wekundu tu, wadudu hayawagusi. Yanawalaza walinzi, mwizi anaingia mlangoni. Uko wapi saa hizi?

BREKI: Kijiweni, hapa mbele ya fundi cherehani.

DADA: Ziba jicho la kushoto kwa kiganja, usilibonyeze. Nisomee bango la fundi.

BREKI: "Tunashona sare za shule na suti za harusi. Fundi hana haraka."

DADA: Umelisoma, au unalijua?

BREKI: Bango ni lile lile, dada.

DADA: Leo katundika nini mlangoni?

BREKI: Nguo.

DADA: Nguo gani?

BREKI: Dada, watu wanapita mbele yangu hapa, siwezi—

DADA: Rangi gani?

BREKI: ...Naona mwanga. Kama taa nyuma ya shuka.

DADA: Kiganja kiondoe sasa. Ni rangi gani?

BREKI: Njano. Gauni la njano. Refu.

(mtandao unakwaruza)

DADA: Kuna mtu kakuambia chochote kuhusu hilo jicho?

BREKI: Asubuhi kuna abiria alipanda. Nikageuka nimpe helmeti, akashuka. Akasema nina punje ya mchele jichoni.

DADA: Katikati au pembeni?

BREKI: Katikati. Ndiyo maana nataka nyeusi! Kesho mwenyekiti wa kijiwe anatukagua. Akiliona ananitoa, na ukitolewa hapa hurudi, nafasi yako ina watu kumi wanaiwinda. Nikivaa nyeusi hajui mtu, huku lenyewe linapona polepole. Si litapona? Wewe umeona mengi hapo.

DADA: Nimeona mengi.

BREKI: Haya sasa, si unaona—

DADA: Breki, acha pikipiki hapo hapo ilipo. Panda nyuma ya mwenzako, uje. Daktari yupo mpaka saa tisa.

BREKI: Nina yule mwalimu wa saa nane, abiria wangu wa kila siku. Nikimfikisha nakuja, au kesho baada ya ukaguzi—

DADA: Jina Breki walikupa bure, kusimama hujui! Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Njoo.

BREKI: Dada, unalia?

DADA: Mafua. Ni mimi niliyekuvua ile miwani yako nzito. Ilikuwa inajaa ukungu ndani ya helmeti, lakini ilikuwa salama. Nikajiona mjanja, nikakutia lenzi kwa mikono yangu hii.

BREKI: Usiseme hivyo. Siku ile nilitoka hapo kwako nikaona majani ya mti, moja moja. Kwa ile miwani sikujua yanaonekana ukiwa mbali. Niliendesha njia nzima nacheka peke yangu, watu wanadhani nimerukwa na akili.

DADA: Ulinipigia simu kuniambia.

BREKI: Nilikupigia. (simu inalia tiit) Dada, salio linaisha. Nichagulie basi, mwenzangu mmoja ataipitia jioni. Nyeusi, usisahau.

DADA: Nakuchukulia nyeupe. Plastiki ngumu kuliko zote, na sponji pande zote. Utaivaa kila siku, hata ukisukuma pikipiki kwa miguu. Vumbi lisilipate, jiwe lisilipate. Hilo la kushoto lisiguswe na kitu chochote mpaka unazeeka. Umenisikia?

BREKI: La kushoto? Dada, linalouma ni la kulia.

DADA: Najua.

BREKI: (tiit) Sasa mbona unasema la— Dada? Mbona hulitaji la kul— haloo? Da—