Miaka Thelathini na Minne ya Mstari wa Chini

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kamili jioni, mpimaji macho wa Chumba Namba Moja atafunga mlango wake kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne katika kliniki yetu. Humu ndani tunamwita Mzee Mstari. Ni kifupi cha Mstari wa Chini, maana hakuna mgonjwa aliyewahi kukaa kwenye kiti chake asiambiwe, "Haya, mstari wa chini, taratibu, usinikimbilie." Wapo waliompa jina hilo wakiwa wanafunzi, na leo wanamletea watoto wao.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, muuguzi wa Chumba Namba Mbili, ninayepima presha ya macho. Mimi na yeye tumetenganishwa na ukuta mmoja na hatua kumi na mbili kwa miaka kumi na tisa. Hatua hizo nimezihesabu, na nitaeleza kwa nini.

Mzee Mstari aliingia hapa akiwa karani wa masjala. Inasemekana mganga mkuu wa wakati huo alimhamisha baada ya kuona watu waliofuata mafaili wanaganda dirishani kupiga soga naye, foleni ikafika getini. Akapelekwa kusomea upimaji, akarudi na cheti, akakabidhiwa Chumba Namba Moja: kiti cha chuma, feni yenye malalamiko mengi, na chati ya herufi ukutani, mita sita kutoka kwenye kiti. Feni imebadilishwa mara mbili. Chati haikuguswa.

Kazini hana mpinzani. Kuna fundi cherehani aliyekuja amefura, amehama maduka matatu ya sindano kwa sababu, kwa maelezo yake, viwanda vya siku hizi vinatoboa matundu madogo kwa ubahili. Mzee alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamvisha miwani ya kusomea, akampa sindano na uzi. Fundi akatunga mara moja, halafu akaomba habari hiyo isiwafikie wenye maduka.

Madereva wanaotafuta cheti cha macho ndio waliomjua vizuri zaidi. Baadhi yao walikuwa wanakariri chati kutoka kwa wenzao waliotangulia, pale pale kwenye benchi la nje. Mzee aliwaacha watiririke kama kasuku, kisha akawaomba kwa upole wasome tena, safari hii kutoka kulia kwenda kushoto. Hapo jasho lilianza. "Ndugu yangu," aliwaambia, "leo umeniletea masikio. Nenda ukalete macho."

Waliokuwa wanawaza kufanyiwa leza ili waachane na miwani walipita kwake kwanza, hata wale ambao hawakuwa wagonjwa wetu. Hakuwapamba wala hakuwatisha. Aliwaambia wahakikishe namba ya miwani yao imetulia, wakubali kupimwa unene wa konea, kile kioo cha mbele cha jicho, wamweleze daktari kama macho yao hukauka, na wamuulize nani atawaangalia baada ya siku ile. Waliopita miaka arobaini aliwakumbusha kwamba magazeti bado yatadai miwani ya kusomea. Wengine walikwenda, wakarudi kumshika mkono. Wengine walibaki na miwani yao na roho zao zikatulia.

Yeye mwenyewe alibaki na yake. Ni mizito, na sijui ni asubuhi ngapi tumeisaka chini ya meza na nyuma ya mapazia, naye anatuongoza, ikiwa juu ya kichwa chake. Kwa hiyo mwaka jana alipotangaza kwenye chai kwamba kabla ya kustaafu atafanya leza, tulimshangilia kama bwana harusi. Alikuwa na sababu mbili. Mjukuu wake alishavunja jozi ya tatu. Na alitaka, mara moja maishani, kufumbua macho asubuhi aone saa ya ukutani bila kupapasa meza. Dada wa mapokezi alimuuliza kama atatuachia picha, maana bila miwani hatutamtambua.

Yaliyotokea kwenye kituo cha leza tumeyapata kwa mkewe, ambaye ni shahidi wa kuaminika na hana huruma. Mzee aliketi, miwani yake usoni, akaambiwa asome mstari wa chini. Kabla hajatulia kitini akaanza: N, H, Z, K, V. Aliitaja bila kukwama, kwa ile sauti ya mtu mwenye chumba chake. Binti aliyekuwa anampima akaangalia skrini, akamwangalia yeye, akasema kwa adabu, "Baba, hapo tumeweka namba."

Mkewe anasema alicheka mpaka akashika ukuta. Binti akamwomba Mzee asome namba hizo. Hakuziweza. Akamwomba apande mstari mmoja, kisha mwingine, na kila walipopanda, mkewe alizidi kuishiwa kicheko.

Walimpima kila kitu siku ile. Akakataliwa leza. Presha ilikuwa juu katika macho yote mawili, na jicho la kushoto lilikuwa limeshapoteza sehemu ya kuona kwa pembeni. Ni glakoma, ugonjwa ule ule tulioubandikia matangazo kwenye kila ukuta wa jengo hili.

Iliwezekanaje? Kila mwaka wafanyakazi wote tunapimwa. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba anayesoma mstari wa chini anarudi kazini, na anayeshindwa anapelekwa Chumba Namba Mbili. Mzee alipimwa kwa chati yake mwenyewe, aliyoinyooshea kidole miaka yote hiyo, akaisoma kwa ghibu. Naapa hakudanganya. Aliamini anaziona. Macho yalimletea ukungu, maana miwani yake ilishapitwa na wakati, kichwa kikajaza herufi. Tena glakoma huanza kula pembeni ikamwachia mtu katikati, kwa hiyo hata aliyesoma kihalali angeweza kutupita. Kosa lilikuwa la utaratibu, na utaratibu ulikuwa wetu sote.

Kuna jambo jingine ambalo sikutaka kuliandika. Kwa miaka miwili Mzee alikuwa anagonga toroli la dawa na fremu ya mlango wake, kila mara upande wa kushoto. Tukasema mlango umehama. Mtu mmoja akabandika karatasi kwenye ile fremu: "Samahani Mzee, nilikuwa njiani." Jengo zima lilicheka, naye pia. Karatasi hiyo niliandika mimi, mwenye kifaa cha kupima presha hatua kumi na mbili kutoka hapo, na sikuwahi kumwambia njoo ukae. Liliniuma, na bado linaniuma.

Kesho yake baada ya kutoka kituo cha leza, Mzee hakungoja kuitwa. Aliingia chumbani kwangu, akaketi, akavua miwani, akasema, "Muuguzi, nipime. Na usinionee haya, sijakariri chochote humu." Tangu siku hiyo anatia matone kila usiku saa tatu. Presha imeshuka na imekaa chini. Kilichopotea hakirudi, lakini daktari anasema kilichobaki kinalindika, mradi asiruke hata siku moja. Mkewe amesema hilo tumwachie yeye.

Chati ya zamani aliing'oa kwa mikono yake, na haikutoka kirahisi. Siku hizi Chumba Namba Moja kina skrini inayobadilisha herufi, na madereva wamenuna. Vilevile aliandika barua kwa uongozi, fupi na kali, na sasa kila mfanyakazi aliyefikisha miaka arobaini anapita Chumba Namba Mbili, asome asisome. Tayari mmoja wetu amegunduliwa mapema kabisa, kabla hajagonga mlango wowote. Katika yote aliyotufanyia, nadhani hilo ndilo kubwa, ingawa yeye atabisha na kutaja wale madereva saba aliowanasa ndani ya wiki moja.

Leo tutamkabidhi zawadi. Mkewe alipima kwa siri umbali kutoka kwenye mto wa kitanda hadi ukutani, akatuletea kipimo, nasi tukamtafuta fundi wa kutengeneza saa. Ni kubwa kuliko sinia, na fundi alituuliza mara mbili kama ni ya nyumbani au ya kituo cha mabasi. Bila leza na bila miwani, Mzee atafumbua macho na kuiona akiwa amelala. Mshale ukifika saa tatu usiku, ni wakati wa matone. Zilizoandikwa humo ni namba, Mzee, si herufi. Ziangalie kwanza ndipo uzitaje.

Miadi yako ni Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao, na kiti changu kinakungoja. Umetuangalizia macho ya watu wengi mno. Sasa turuhusu tukuangalizie yako. Asante kwa kazi, kwa soga, na kwa kutusamehe. Nenda ukaishi vema, na maisha hayo uyaone yote, taratibu, mpaka mstari wa chini.